Kutoka ukoga wa Delft hadi sahani ya vishimo 96

Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi. Chuo kikuu hakukanyaga, ila kusaga lenzi alijua. Septemba 1683 aliwaandikia wataalamu wa Royal Society, London, kwamba alikwangua ukoga kati ya meno yake, akauchanganya na maji ya mvua na kuona vijidudu vikirandaranda. Baadaye akaona zito zaidi: siki iliviua vijidudu alivyovitoa mdomoni, lakini alipoisukutua, vilivyojificha ndani ya ukoga vilisalimika. Ni kesi ile ile inayowasumbua madaktari leo kwenye mipira ya mkojo na viungo bandia. Bakteria wakishajifunika utando, dawa hazifui dafu kirahisi.

Hata baada ya Leeuwenhoek, wanasayansi waliendelea kufuga bakteria kwenye supu za chupani, kana kwamba ndiko wanakoishi. Mwaka 1933 Arthur Henrici wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alizamisha majini vipande vya kioo vya hadubini, akavitoa na kuvitia rangi. Akabaini kuwa bakteria wengi wa majini hawaelei. Wameganda juu ya vitu.

Chombo cha kuwapima hao walioganda kilitoka kwingine: Hungaria, 1951, mafua yamepamba moto na vifaa ni haba. Mtafiti Gyula Takátsy akachonga vishimo 72 kwenye plastiki ngumu, vichukue nafasi ya mirija ya maabara. Hicho ndicho chanzo cha sahani ya vishimo 96, ambayo mtafiti Gordon Christensen na wenzake waliitumia mwaka 1985 kupima bakteria wanaoganda kwenye plastiki.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Unatia bakteria vishimoni, unawaacha usiku kucha, unamwaga, unasuuza. Kisha unatia rangi ya zambarau na kusuuza tena. Kinachobaki kimeng'ang'ania ukutani ndicho utando. Rangi yenyewe ndiyo kiini cha GV, ile dawa ambayo akina mama wetu wameipaka sana kwenye vinywa vya watoto wachanga.

Mashine ya kusoma ukolevu wa rangi ni ghali, kweli. Lakini kutofautisha kishimo cheupe na kilichokolea zambarau, jicho linatosha. Chuo chetu chenye maabara salama ya bakteria hakina sababu ya kumsubiri mfadhili ili kianze.