Runinga Unganifu, si Runinga Janja

Istilahi ‘runinga janja’ imeingia katika magazeti na matangazo ya biashara bila kubisha hodi, ikifuata nyayo za ‘simu janja’, na walioipitisha hawaonekani kujiuliza kama sifa wanayokibandika chombo hicho ni ya chombo chenyewe au ni ya kitu kingine kilicho mbali nacho. Swali hilo si la wapenda maneno peke yao, kwa kuwa mnunuzi anayesimama katika duka la Kariakoo au la Luthuli Avenue, akichagua kati ya chapa kadhaa za inchi 43, huongozwa na neno analoambiwa, na neno likimpotosha hulipa fedha halali kwa sifa isiyodumu.

Mzizi -janja, tangu kamusi za kale, hubeba maana ya hila: mjanja ni mtu anayejua kujinasua na kuwanasa wengine, mithili ya sungura wa hadithi, na ingawa Kiswahili cha mjini kimelilainisha neno hilo hata likawa sifa ya kijana asiyepitwa na mambo, mzazi anayeitwa shuleni na kuambiwa kuwa mwanawe ni mjanja hajioni kuwa amepongezwa. Wengine walikimbilia ‘erevu’, neno lenye ukoo bora, kwa maana huhusishwa na kitenzi kuelea katika maana ya jambo kuwa wazi akilini, ndipo wapo wasemao mwelevu, yaani yule ambaye mambo yamemwelea. Lakini hakuna jambo lililowahi kuielea runinga. Kundi la tatu lilichagua ‘mahiri’, neno la Kiarabu la ustadi, ambalo mzizi wake ndio huohuo uliotupatia mahari, na umahiri, kama ajuavyo fundi yeyote, hupatikana kwa mazoezi ya muda mrefu. Wauzaji nao husema ‘TV smati’, ilhali smati katika mazungumzo ya kila siku ni mtu aliyevaa akapendeza, na pengine hao ndio wakweli kuliko kamati zote za istilahi, kwa sababu wanachokinadi mara nyingi ni wembamba wa kioo na kingo zisizoonekana.

Lugha hii haikuwahi kushindwa kukipa jina chombo hiki. ‘Runinga’ lenyewe, kwa maelezo ya wanaofuatilia asili yake, limeundwa kwa kuunganisha rununu, yaani habari inayovuma, na maninga, yaani macho, hata likajumuisha kusikia na kuona katika silabi tatu. Runinga za zamani ziliitwa mitaani nchini Tanzania ‘TV za chogo’, kwa ule mgongo uliotokeza nyuma, na jina hilo lilipatikana pasipo kikao wala posho. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, watu walikuwa tayari wana ‘king’amuzi’, kutokana na kung’amua, kifaa kinachotambua yaliyofumbwa katika mawimbi ya dijiti. Neno hilo hutaja kazi. ‘Janja’ haitaji kazi yoyote.

Kinachoitenga runinga inayojadiliwa hapa na runinga bapa ya kawaida ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayobeba programu nyingine, pamoja na mtandao unaoifikisha kwenye seva, yaani kompyuta za mbali zinazohifadhi filamu na video. Aprili 2015 YouTube ilizikatia huduma runinga nyingi zilizoundwa mwaka 2012 na kabla yake, na Desemba 2019 Netflix ikaacha kufanya kazi katika baadhi ya runinga za Samsung za mwaka 2010 na 2011. Kioo hakikupasuka, spika hazikukwaruza, na rimoti ilibaki na vitufe vyake vyote. Kilichokatika ni muungano. Kwa upande mwingine, kijiti kama Chromecast, kilichotoka mwaka 2013, kikichomekwa katika tundu la HDMI huipa runinga ya kawaida karibu kila kitu ambacho runinga ‘janja’ hujivunia. Sifa inayochomekwa na kuchomolewa haiwezi kuitwa hila, akili wala ustadi.

Kwa hiyo istilahi inayofaa ni ‘runinga unganifu’. Uundaji wake hauna kasoro: kutokana na kulingana hupatikana linganifu, kutokana na kupatana hupatikana patanifu, na kutokana na kuungana hupatikana unganifu, kwa kiambishi kilekile cha -fu ambacho hugeuza kitenzi kuwa sifa ya hali. Lililo muhimu zaidi ni ile -na- ya kutendana iliyomo ndani yake, kwa kuwa huungama wazi kwamba sifa hiyo inahitaji pande mbili, na kwamba upande mmoja ukijitoa sifa yenyewe hukoma, jambo ambalo ndilo lililowapata wenye runinga za mwaka 2011. Pendekezo hili lilikwisha kufikishwa na mwandishi wa makala haya mbele ya jopo moja, likajibiwa kwa sentensi moja kwamba ‘halijazoeleka’, kana kwamba ‘runinga janja’ lilizaliwa likiwa limezoeleka.

Mtetezi wa ‘janja’ anaweza kukumbusha kwamba mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa shauri lililodai kuwa runinga zake zilikusanya taarifa za vipindi vilivyotazamwa pasipo ridhaa ya watazamaji. Huo kweli ni ujanja, ila ni wa kampuni, na ulipita katika muungano uleule ambao istilahi ya ‘janja’ inauficha.

Kuhusu matumizi, yatosha kusema kwamba anayechagua chapa asiulize kama runinga ni janja bali imeungana na nini: Samsung hutumia Tizen, LG hutumia webOS, Sony na runinga nyingi za TCL hutumia Google TV, Hisense hutumia VIDAA katika nyingi za kwake, na zipo za bei nafuu zinazoandikwa Android ilhali hazina leseni ya Google wala Play Store. Aulize pia kama king’amuzi cha ndani ni cha DVB-T2, yaani kiwango cha matangazo ya dijiti yanayopokewa kwa antena, na masasisho ya mfumo yameahidiwa kwa miaka mingapi, kwani Samsung imetangaza hadi miaka 7 kwa runinga zake za Tizen kuanzia toleo la 2024, na LG imetaja miaka 5. Chapa isiyotaja muda wowote inauza kioo tu, na bei yake ijadiliwe kama bei ya kioo.