Leka Dutigite: Wimbo wa Mara Moja, Lugha ya Asili na Suala la Utambulisho wa Kimkoa Kati ya Kigoma na Katavi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza wimbo "Leka Dutigite" ulioimbwa mwaka 2012 na kundi la muda lililojiita Kigoma All Stars. Wimbo huo uliwakusanya wasanii wa Bongo Fleva wenye asili ya Kigoma, wakiwamo Diamond Platnumz na Ali Kiba, ambao baadaye walihesabiwa kuwa mahasimu wakuu wa muziki nchini. Makala yanauweka wimbo katika historia ya makundi ya muziki yaliyojengwa juu ya utambulisho wa mahali, yanachambua umbo la kichwa chake cha Kiha, kisha yanautazama kutoka Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa rasmi mwaka huohuo. Hoja kuu ni kwamba ushirikiano wa mara moja ni utanzu wenye kanuni zake. Kwa kuwa haudai udumifu, unaweza kutamka dai la utambulisho ambalo bendi ya kudumu au msanii mmojammoja angesita kulitamka. Hata hivyo, dai hilo huacha nje watu wanaoielewa lugha ya wimbo pasipo kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji wake.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa Bongo Fleva umejikita zaidi katika msanii mmojammoja: maisha yake, mtindo wake na lugha yake ya mtaani. Nyimbo za wasanii wengi zilizotungwa kwa tukio moja huguswa kwa kupita tu, kana kwamba ni matangazo na si kazi za sanaa. Mtazamo huo una sababu. Nyimbo za namna hiyo aghalabu hubuniwa na mtu asiye mwanamuziki, huwa na lengo lililotangazwa kabla ya kurekodiwa, na wahusika hutawanyika mara baada ya onesho. Lakini sifa hizohizo ndizo zinazozifanya ziwe ushahidi muhimu kwa mwanahistoria wa fasihi. Wimbo wa mara moja hutuonesha nani, katika mwaka fulani, aliweza kusimama na nani, na kwa jina gani.

Utaratibu huu si wa Tanzania peke yake. Nchini Uingereza, Band Aid ilikusanya wanamuziki mwaka 1984 kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, na Marekani ikafuata mwaka 1985 kwa "We Are the World". Mwaka 2010, Ali Kiba aliiwakilisha Tanzania katika kundi la One8 lililoshirikiana na R. Kelly katika "Hands Across the World", pamoja na wasanii kama Amani wa Kenya, Navio wa Uganda na Fally Ipupa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2014, Diamond Platnumz alikuwa miongoni mwa wasanii wa Afrika walioimba "Cocoa na Chocolate", wimbo wa kampeni ya kilimo. Katika kazi hizo mbili msanii alisimama kwa niaba ya taifa mbele ya bara zima. "Leka Dutigite" inasimama katikati ya miaka hiyo, na mwelekeo wake ni wa kinyume: wasanii wa taifa walirudi kusimama kwa niaba ya mkoa.

Makala haya hayachambui mashairi ya wimbo ubeti kwa ubeti. Yanajikita katika kichwa chake, mkusanyiko wa waimbaji wake na mahali uliposikika, kwa kuwa humo ndimo dai la wimbo lilimojengwa.

2.0 Mkoa kama jina la bendi

Kuunda kundi la muziki kwa jina la mahali ni desturi ya zamani katika muziki wa dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz. Mfano unaotuhusu zaidi ni Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mzaliwa wa Nzega. Jina lake lilitokana na Jimbo la Magharibi la enzi za ukoloni, jimbo lililojumuisha Tabora, Kigoma na Mpanda. Ilikuwa bendi ya watu wa bara waliokutana pwani, na mtindo wake wa saboso ukapendwa na wasikilizaji wasiojali Nzega iko wapi.

Tofauti kati ya Western Jazz na Kigoma All Stars ni ya kimuundo. Bendi ilikuwa ajira. Ilikuwa na vyombo, uongozi, ratiba ya kupiga ukumbini na wanamuziki waliohama kutoka bendi moja hadi nyingine. Jina la jimbo lilikuwa mlango wa kuingilia mjini, na lilipokwisha kufanya kazi hiyo, bendi ilipokea wanamuziki na wasikilizaji wa kila asili. Aidha, lugha ya bendi hizo ilikuwa Kiswahili. Redio ya taifa, ambayo kwa miongo kadhaa ndiyo iliyorekodi na kurusha nyimbo za dansi, ilikuwa chombo cha Kiswahili na cha ujenzi wa taifa. Jimbo lilibaki katika jina. Lugha za jimbo hazikupewa nafasi sawa studioni.

Kufikia mwaka 2012 mazingira yalikuwa yamebadilika. Bendi haikuwa tena muundo mkuu wa uzalishaji, bali msanii binafsi, mtayarishaji na studio. Redio zilikuwa nyingi, na "kushika chati" kulimaanisha kuongoza katika orodha za vipindi vya redio na televisheni na kuimbwa mitaani, si kuongoza mauzo yaliyohesabiwa na chombo kimoja. Katika mazingira ya wasanii waliotengana kibiashara, kundi la aina yoyote lilihitaji mwitaji kutoka nje. Mwitaji wa Kigoma All Stars alikuwa Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kupitia CHADEMA. Waliokusanyika ni pamoja na Diamond Platnumz, Ali Kiba, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz, Peter Msechu, Queen Darleen, Abdu Kiba na Baba Levo, ambaye baadaye aliingia katika siasa za Kigoma.

Msomaji anaweza kupinga kwamba huu ulikuwa wimbo wa siasa uliovikwa vazi la sanaa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halimalizi hoja. Ngoma, dansi na taarabu zimeishi na siasa tangu zamani, kama Kelly Askew alivyoonesha katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na ujenzi wa taifa. La kuuliza si kama mwanasiasa alihusika, bali ni jambo gani liliweza kusemwa kwa sababu ya mwito wake ambalo halikuwa likisemwa kabla.

3.0 Kichwa cha wimbo: uchambuzi wa umbo

Jambo hilo limo katika maneno mawili ya kichwa. Kwa umma yalifafanuliwa kwa maana ya kujidai au kujivunia asili. Neno *leka* linalingana na *acha* katika Kiswahili. Mzizi wake umeenea katika lugha nyingi za Kibantu: Msukuma na Mbemba wanalifahamu bila kufundishwa. Neno la pili, *dutigite*, lina kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, mzizi wa kitenzi, na kiishio *-e* kinachoashiria himizo, kama katika *tuimbe* au *twende*.

Kinachovuta macho ni kiambishi *du-*. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, nafsi hiyo ni *tu-*. Umbo la Kiha linafuata Kanuni ya Dahl, iliyopewa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyefanya kazi Unyamwezi. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, konsonanti isiyo ghuna hugeuka kuwa ghuna pale silabi inayofuata inapoanza na konsonanti isiyo ghuna. Kwa kuwa mzizi unaanza na *t*, kiambishi *tu-* kinatamkwa *du-*. Kirundi na Kinyarwanda, zilizo pamoja na Kiha katika kundi la D60 la uainishaji wa Guthrie, zina kanuni hiyohiyo: Mrundi husema *dukora* kwa maana ya "tunafanya kazi".

Uchambuzi huu una matokeo ya kifasihi. Waandaaji wangeweza kuandika *tutigite*, umbo ambalo sikio la Kiswahili lingelipokea kwa urahisi. Hawakufanya hivyo. Walibakiza sauti inayomtambulisha Muha mara tu anapofungua kinywa. Thamani ya uamuzi huo inaonekana tukikumbuka historia. Katika enzi ya mashamba ya mkonge, Waha walikuwa miongoni mwa manamba waliochukuliwa kwa wingi kutoka magharibi kwenda Tanga na kwingineko, na jina lao likahusishwa na kazi duni. Tangu uhuru, wakazi wa Kigoma wamelalamika kwamba huulizwa uraia wao kwa sababu ya mpaka, lugha na lafudhi. Kwa hiyo, *du-* katika kichwa cha wimbo uliopigwa katika redio za taifa si pambo. Ni alama iliyokuwa ikifichwa, sasa imewekwa mbele na watu ambao taifa zima lilitaka kufanana nao.

Hata hivyo, waliotamka alama hiyo walikuwa na uhusiano tofautitofauti nayo. Diamond, kwa mfano, alikulia Tandale, Dar es Salaam, na Kigoma kwake ni asili ya familia. Wimbo ulitenganisha asili na umilisi wa lugha. Mtu aliweza kudai Kigoma kwa maneno mawili tu, na maneno hayo yakatosha.

4.0 Wimbo ukisikika Mpanda

Mwaka uleule wa 2012, Mkoa wa Katavi ulitengwa rasmi kutoka Rukwa. Kabla ya Rukwa kuundwa miaka ya 1970, Mpanda ilikuwa sehemu ya Tabora, na kabla ya hapo ya Jimbo la Magharibi. Hivyo basi, katika maisha ya mtu mmoja, mzee wa Mpanda amekuwa wa utambulisho wa kiutawala mara nne bila kuhama nyumba. Jina la mkoa lenyewe ni la lugha ya asili: linahusishwa na Katabi, mzimu wa Wabende ambaye, kwa masimulizi, makao yake ni mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Lakini jina hilo lilifika katika mkoa kwa njia ya hifadhi ya taifa na tangazo la serikali. Katavi ilitangazwa kwa maandishi, ilhali Kigoma, iliyokuwapo tayari, ilijitangaza upya kwa wimbo.

Miji hii miwili inafanana zaidi ya inavyodhaniwa. Kigoma ni mwisho wa reli ya kati, iliyofika huko mwaka 1914. Mpanda ni mwisho wa tawi la kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Kigoma ilipeleka watu nje kwa reli yake; Mpanda ilipokea. Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa wamekutana huko na wafanyakazi wa mgodi, wafugaji wa Kisukuma, na tangu mwaka 1972, wakimbizi kutoka Burundi.

Hapa ndipo wimbo unapopata msikilizaji ambaye haukumkusudia. Makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa miaka ya 1970, yote yamo katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi, na wakazi wake wamelelewa katika Kirundi. Kwao *leka dutigite* haihitaji tafsiri wala maelezo ya Kanuni ya Dahl. Wanaielewa kwa wepesi kuliko mashabiki wa Dar es Salaam, na pengine kuliko baadhi ya walioiimba. Liisa Malkki, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1995, alilinganisha wakimbizi wa Mishamo na wale wa mjini Kigoma. Wa Mishamo walijenga historia ya pamoja ya uhamisho. Wa mjini Kigoma walijichanganya na wenyeji, wengine wakijitambulisha kuwa Waha. Ukaribu wa lugha ulikuwa kificho kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine chanzo cha shaka iliyowaangukia Waha wenyewe.

Wimbo ulipotoka, hali ya makazi hayo ilikuwa tete. Takribani watu 162,000 walikuwa wameidhinishiwa uraia kufikia mwaka 2010, lakini vyeti havikuanza kutolewa hadi Oktoba 2014, na kwa muda walitakiwa kuhamia mikoa mingine. Kwa hiyo, mwaka 2012, maneno yaleyale yalikuwa na matumizi mawili. Yakitamkwa na nyota mwenye asili ya Kigoma, yalikuwa fahari ya mkoa. Yakitamkwa na kijana wa Mishamo, yangeweza kuwa ushahidi dhidi yake. Umbo la kifonolojia halikubadilika. Kilichobadilika ni haki ya anayelitamka.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba "Leka Dutigite" inafaa kusomwa kama zaidi ya tangazo. Kwanza, inaendeleza desturi ya magharibi mwa Tanzania ya kujitambulisha mjini kwa jina la mahali, lakini inaivuka kwa kuleta mbele lugha ya asili ambayo bendi za dansi hazikuipa nafasi hiyo. Pili, muda wake mfupi ulikuwa nguvu yake. Katika miaka michache, Diamond na Ali Kiba walikuwa wamekuwa vichwa vya kambi mbili za mashabiki, na mkusanyiko kama ule ungekuwa mgumu kuitisha. Kundi lisilodai kudumu halikulazimika kutatua ushindani huo. Lilihitaji tu kuutangulia. Tatu, fahari ya asili inapoimbwa huchora mpaka, na mpaka huo haukufuata mpaka wa lugha.

Kwa watafiti wa fasihi ya Kiswahili, funzo ni la kimbinu. Lugha ya asili inapoingia katika wimbo wa Kiswahili, tumezoea kuuliza ina maana gani. Mfano huu unatutaka tuulize pia nani mwingine anaielewa, na anaishi wapi. Katika suala la "Leka Dutigite", baadhi yao walikuwa jirani, upande wa pili wa mpaka wa mkoa, wakisubiri vyeti.