Landrover 109 inagonga au inakohoa? Sikiliza kwanza kabla hujashusha injini

Tangu lile tamasha la Landrover la Oktoba 2024 hapa Arusha, magari ya zamani yamepata heshima upya na vijana wengi wanayataka. Shida ni moja. Unanunua 109 ya petroli, wiki ya pili inaanza kugonga, fundi maiko anakwambia "hii ni kushusha injini tu", na hela yote inaishia hapo. Sasa tuongelee Series III (zilitoka kiwandani 1971 mpaka 1985) yenye injini ya petroli ya silinda nne, sisi 2,286, kwa sababu ndiyo ukiijua hiyo nyingine hazikusumbui sana.

Kwanza kelele. Chukua bisibisi ndefu, ncha weka kwenye injini, mpini weka sikioni, ila angalia feni isije ikakuvuta shati. Kama ni tik tik tik nyepesi inayotoka juu kwenye kifuniko cha valvu, hizo ni tapeti. Nafasi yake ni milimita 0.25, unapima kwa fila geji. Valvu ziko nane, na kuna hesabu ya kukariri: ile iliyofunguka kabisa na ile unayopima lazima zijumlishwe zipate tisa. Namba 8 ikiwa imefunguka unapima namba 1, ya 7 unapima 2, unaendelea hivyo hivyo. Kazi ya saa moja tu.

Lakini sikiliza hapa. Tapeti inayolia siyo ya kuogopa sana, ya kuogopa ni iliyonyamaza ghafla. Injini hizi zilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, na hiyo petroli iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006. Ile risasi ilikuwa inalinda vikalio vya valvu. Bila hiyo, kikalio cha zamani kinaweza kulika taratibu, valvu inazama, nafasi inaisha, mwisho valvu haifungi vizuri na inaungua. Kwa hiyo ukikuta nafasi inapungua kila ukipima, tatizo ni silinda hedi, mambo ya chini hayahusiki.

Mlio mzito wa du du du unaotoka chini, unaozidi ukikanyaga mafuta kupandisha mlima, huo ndio mbaya. Toa waya wa plagi moja moja huku injini inanguruma (shika kwa koleo yenye mpira, umeme wake unarusha mtu). Ukitoa waya mmoja na mlio ukapungua, beringi ya konrodi ya silinda hiyo imekwisha. Angalia na presha ya oili. Hapo zima, usiendeshe hata mpaka Ngaramtoni. Na kama ni pf pf pf pembeni wakati injini ya baridi, halafu inapungua ikipata moto, ni gasketi ya eksozi tu, hela ndogo.

Tuje kwenye kabureta. Mimi naona kabureta inasingiziwa sana, kwa sababu iko juu na kila mtu anaifikia kwa spana. Ukiambiwa "kabureta mbovu", uliza kwanza pointi za distibyuta zimepimwa? Ziwe milimita 0.35 mpaka 0.40. Injini inayomisi mara nyingi dawa yake iko hapo au kwenye kondensa.

Baada ya hapo fungua plagi uzisome. Kahawia ni nzuri, nyeupe maana yake petroli kidogo hewa nyingi, nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi. Zenith, kabureta ya magari mengi ya hizi Series, ina ugonjwa wake: mtu akikaza sana zile skurubu, kifuniko kinapinda, halafu petroli na hewa zinapita pasipotakiwa, gari inakunywa mafuta kama lori. Dawa ni kufungua, kusugua uso wake kwenye kioo chenye msasa laini mpaka unyooke, na kuweka oringi mpya. Boya nalo litikise sikioni. Ukisikia petroli inacheza ndani, limetoboka.

Kumbuka pia tulipo. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 13 kulinganisha na Dar, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa pwani ikifika huku inatoa moshi mweusi kidogo, na ukizidi kupandisha kuelekea Meru ndiyo inalegea kabisa. Siyo ugonjwa, ni seti. Vumbi letu nalo: chujio la hewa la 109 ni la oili, limwage na uweke mpya mara kwa mara, na kile kikombe cha kioo kwenye pampu ya petroli kiangalie, maji yakiwepo utayaona chini.

Na ule mtindo wa kumwagia petroli kwenye mdomo wa kabureta kwa kizibo cha chupa huku mwenzako anapiga starta, acheni jamani. Injini ikikohoa inarudisha moto juu, na chupa iko mkononi mwako. Ndoo ya mchanga iwe karibu kila ukifungua mfumo wa petroli, na usijaribu ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wa eksozi unaua bila hata harufu kali.