Reli Iliyowekwa Amana: Safari ya Baiskeli Katika Njia ya Katy, Missouri

Katika makala haya ningependa kukuondoa kidogo kwenye darasa la ngeli na viambishi, nikupeleke kwenye jimbo la Missouri, katikati ya Marekani. Huko kuna njia ya baiskeli yenye urefu wa takriban kilomita 386 ambayo zamani ilikuwa reli. Nia yangu si kusimulia utalii. Nia yangu ni kuonyesha jinsi hatima ya reli hiyo ilivyotegemea neno moja, na kwa nini neno hilo linatuhusu sisi tunaoishi kando ya reli zilizonyamaza.

Nilikuwa Missouri kwa miezi michache ya mafunzo. Siku moja ya Jumamosi walimu wenzangu tisa walinialika tuendeshe baiskeli kutoka mji mdogo wa New Franklin hadi Columbia, safari ya zaidi ya kilomita 40. Niliogopa. Mara ya mwisho kuendesha baiskeli nilikuwa kidato cha pili, tena ile nyeusi ya chuma ya kubebea matoke. Wenyeji wangu walinituliza kwa hoja ambayo sikuitegemea: njia hiyo haina vilima, kwa sababu garimoshi halipendi vilima.

Kweli, ilikuwa hivyo. Mahandisi wa reli hukata mlima na kujaza bonde ili gari lenye mzigo lipande polepole mno. Reli na mataruma vimeondolewa, na juu ya tuta la zamani pametandazwa kokoto laini za chokaa zilizosagwa na kushindiliwa. Upande mmoja palikuwa na majabali meupe, upande wa pili Mto Missouri, mpana na wa rangi ya udongo. Karibu na Rocheport tulipita ndani ya handaki la mawe lililojengwa mwaka 1893, lenye urefu wa mita 74 hivi. Humo ndani kila mtu alipiga kengele ya baiskeli yake kama mtoto.

Reli yenyewe

Kampuni iliyojenga reli hii iliitwa Missouri–Kansas–Texas. Watu walifupisha herufi za K na T katika jina hilo wakapata "Katy", jina linalosikika kama la binti. Mwaka 1872 kampuni hiyo ilivuka hadi Texas kutoka kaskazini, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikajenga tawi lililofuata Mto Missouri kuelekea St. Louis. Vijiji vya kando ya mto vilipata stesheni, maghala ya nafaka na maduka.

Baadaye yalikuja malori na barabara kuu. Mtandao wa reli wa Marekani ulifikia kilele mwaka 1916, ukiwa na takriban kilomita 409,000, na tangu hapo ukawa unapungua. Sheria ya mwaka 1980 ilizirahisishia kampuni kufunga njia zisizoleta faida. Tawi la Missouri lilikuwa na adui mwingine, yaani mto wenyewe, ambao ulifurika mara kwa mara. Tarehe 4 Oktoba 1986 Katy ilisimamisha magari kati ya Sedalia na Machens, umbali wa takriban kilomita 320.

Neno lenye mgogoro

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Reli ikisimama, ardhi iliyo chini yake ni ya nani?

Mara nyingi, karne ya 19, kampuni za reli hazikununua ardhi moja kwa moja. Zilipewa haki ya kupita tu. Mkulima alibaki na shamba lake, na garimoshi likapewa ukanda wa kupitia. Kwa desturi ya sheria zao, reli ikishatelekezwa haki hiyo hufa, na ukanda humrudia mwenye shamba. Basi kila mmoja hupata kipande chake, huyu akalima, yule akajenga, na njia iliyochukua miaka kutengenezwa hukatika vipande mamia ndani ya msimu mmoja.

Bunge la Marekani liliiona hatari hiyo, na mwaka 1983 likarekebisha sheria ya njia za taifa ya mwaka 1968. Marekebisho hayo yalisema hivi kwa ufupi: kampuni ikitaka kufunga reli, na serikali ya jimbo au chama fulani kikakubali kuutunza ukanda, kulipa kodi zake na kubeba dhima yake, basi ukanda huo unaweza kutumiwa kama njia ya miguu na baiskeli kwa muda. Sharti ni kwamba reli ikihitajika tena, irudishwe. Kwa sababu hiyo, mbele ya sheria, reli haikutelekezwa. Imewekwa.

Walimu wa lugha mtanielewa. Chuma ni kile kile kilichong'olewa, na majani ni yale yale yaliyoota. Lakini ukisema "imetelekezwa", njia imekufa na warithi wanagawana. Ukisema "imewekwa amana", njia ingali hai na kuna anayewajibika nayo. Amana ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, nalo lina masharti yake: mwekewa hutunza, hutumia kwa kiasi alichoruhusiwa, na mwenyewe akirudi hupewa.

Jimbo la Missouri liliikubali amana hiyo, lakini fedha zilikuwa haba. Mfanyabiashara Edward Jones, aliyejulikana zaidi kama Ted, pamoja na mkewe Pat, walitoa dola 200,000 za kununulia ukanda, kisha takriban dola milioni 2 za kuutengeneza. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa Rocheport mwezi Aprili 1990. Ted Jones alifariki mwaka huo huo. Mafuriko makubwa ya mwaka 1993 yaliharibu sehemu kubwa ya kazi hiyo, ikarudiwa. Kipande cha mwisho upande wa mashariki, hadi Machens, kilikamilika mwaka 2011.

Upande wa pili wa shilingi

Ingekuwa si haki kuishia hapo. Tulipopumzika McBaine chini ya mti mkubwa wa mwaloni wenye umri wa karne kadhaa, mwalimu mmoja wa kundi letu alituambia kwamba baba yake hakuwahi kukanyaga njia hii hadi alipofariki. Babu yao aliruhusu garimoshi lipite shambani. Hakuruhusu wapanda baiskeli. Garimoshi liliposimama, baba alihesabu kwamba ukanda umerudi nyumbani, na ghafla akaambiwa kuwa haujarudi, kwa sababu ya sheria iliyotungwa mji mkuu. "Nami leo napita juu yake kwa baiskeli," alisema, akacheka kidogo, kisha akanyamaza.

Baba yule hakuwa peke yake. Wenye mashamba wa Missouri walikwenda mahakamani. Mwezi Februari 1990, katika kesi iliyotoka jimbo la Vermont, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwa kauli moja kwamba sheria ya 1983 ilikuwa halali, lakini aliyenyang'anywa haki yake angeweza kuidai serikali fidia. Mwaka 2000 mahakama inayosikiliza madai dhidi ya serikali iliona kwamba wamiliki wa Missouri waliofungua kesi walistahili kulipwa. Kwa maneno mengine, njia ilibaki, na wenye ardhi walikuwa na haki pia. Amana ya umma isilipiwe na mkulima mmoja.

Na kwetu je?

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mahali panapoitwa leo Kisumu mwaka 1901, Kampala mwaka 1931 na Kasese mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe. Wanafunzi wangu hujua kwamba Kiswahili nacho kilisafiri na reli hiyo, kambi kwa kambi na stesheni kwa stesheni. Wengi hawajui ya Mtwara. Huko kusini mwa Tanganyika Waingereza walijenga reli kutoka bandarini hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wao mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Karanga zilishindikana, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vikang'olewa.

Mimi nilikulia karibu na reli ya Kasese. Magari yalipokoma mwishoni mwa miaka ya 1990, hakuna aliyetutangazia kijijini kwamba reli imekufa, wala kwamba imelala. Mwaka wa kwanza tulilisha mbuzi kando ya tuta. Mwaka wa pili jirani alipanda maharage. Baadaye pakawa na mahindi katikati ya reli mbili, kisha kibanda, kisha nyumba ya matofali. Siwalaumu hata kidogo, maana mama yangu mwenyewe alikuwa na matuta yake ya viazi pale. Mahali pasipo na neno, kila mtu hujitungia lake. Lakini nafahamu pia kwamba siku reli ikitakiwa tena, aliyejitungia neno ndiye atakayebomolewa nyumba.

Sisemi tugeuze kila reli ya zamani kuwa njia ya baiskeli, ingawa vijana wetu wa bodaboda za kukanyaga wangenishukuru kwa njia isiyo na vilima. Nasema kitu kinaposimama, kipewe jina mapema na hadharani: kimekufa, au kimewekwa. Kikiwa kimekufa, wenye ardhi warudishiwe kwa hati. Kikiwa kimewekwa, atajwe mtunzaji, na anayepoteza alipwe.

Tulifika Columbia jioni, miguu yangu ikitetemeka. Mwalimu yule wa shambani alinisaidia kupandisha baiskeli garini, akaniuliza neno la Kiswahili kwa kile tulichopita juu yake siku nzima. Nilifikiri kidogo. Nikamwambia ni amana, nikamweleza maana yake yote, pamoja na sehemu ya kurudisha. Akalirudia mara tatu mpaka akalitamka sawasawa.

Walimu, mkipenda, wapeni wanafunzi zoezi hili: waandike tofauti kati ya kutelekeza, kuacha, kuweka na kuhifadhi, wakitumia mfano wa kitu kimoja kilichosimama katika kijiji chao. Kisha wawaulize wazee wao ni neno lipi lilitumika siku kiliposimama, na ni nani aliyelitamka.