Safari ya ndege ya Westray–Papa Westray

Safari ya ndege ya Westray–Papa Westray ndiyo safari fupi kuliko zote duniani miongoni mwa safari za abiria zenye ratiba. Huunganisha visiwa viwili vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, nchini Uingereza. Umbali kati ya viwanja vya ndege vya visiwa hivyo ni takriban kilomita 2.7, karibu sawa na urefu wa njia ya kurukia ndege ya Edinburgh. Ratiba huipa dakika 2. Upepo ukiwa mzuri, safari humalizika kwa sekunde zipatazo 90 au chini ya hapo. Rekodi ni sekunde 53. Mwelekeo wa upepo una uzito mkubwa, kwa kuwa ndege hupaa na kutua ikiukabili, na wakati mwingine rubani hulazimika kuzunguka kwanza.

Shirika la Loganair limeiendesha tangu 1967, kwa kutumia Britten-Norman Islander, ndege ndogo ya injini mbili inayomudu viwanja vifupi. Umaarufu wa rekodi huficha umuhimu halisi wa safari hii: husafirisha walimu, wagonjwa na wanafunzi waendao au watokao Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, pamoja na wanaakiolojia wanaofuata Knap of Howar, makazi ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000 kisiwani Papa Westray.