Kinywe katika Breki: Historia Fupi ya Kaboni katika Pedi za Breki kwa Kurejelea Sombetini, Arusha

Fundi wa Sombetini, jijini Arusha, anapofungua gurudumu la daladala, mikono yake hupakwa vumbi jeusi. Sehemu ya vumbi hilo ni chuma kilichosagika, na sehemu ni kaboni. Insha hii inadai kwamba kaboni hiyo, hasa ile ya madini ya kinywe, haikuwekwa katika pedi ili kuongeza msuguano, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali kuutuliza.

Historia inaanzia Uingereza mwaka 1897, Herbert Frood alipoanza kutengeneza vifaa vya breki vya magari ya kukokotwa na farasi. Pamba aliyoitumia iliungua joto lilipozidi, na mwaka 1908 aligeukia asbesto. Asbesto ilistahimili joto na kupatikana kwa bei nafuu, ikatawala kwa miongo mingi. Hata hivyo, nyuzi zake zikivutwa mapafuni huweza kusababisha saratani, na aliyezivuta kwa ukaribu zaidi hakuwa dereva bali fundi aliyepuliza vumbi kutoka kwenye ngoma ya breki. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya mwaka 2005.

Hakuna kitu kimoja kilichoweza kurithi nafasi ya asbesto. Watengenezaji walichanganya nyuzi za chuma na za aramidi, unga wa madini, rezini na kaboni. Hapo ndipo kinywe, ambacho hakikuwa kigeni katika fani hiyo, kilipopata uzito mpya. Matabaka yake huteleza juu ya mengine. Breki inapokanyagwa huacha utando mwembamba juu ya diski, na utando huo hupunguza kelele, mtetemo na ulaji wa chuma. Kikizidi, gari huchelewa kusimama. Makaa ya koki, ambayo ni kaboni ngumu zaidi, huongezwa ili kurudisha mshiko. Ubora wa pedi, kwa hiyo, hutegemea uwiano, na uwiano huo mnunuzi hawezi kuuona kwa macho. Kwenye miteremko ya Mlima Meru anautambua pale tu anapokanyaga breki.

Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba kinywe si kigeni katika kanda hii. Miamba ya Mererani, kusini mashariki mwa Arusha, inayojulikana kwa tanzanaiti iliyotambuliwa mwaka 1967, imejaa kinywe, na wachimbaji hutoka mashimoni wakiwa weusi kwa sababu yake. Katika miaka ya 1990 kilichimbwa huko kibiashara, lakini uchimbaji huo haukudumu. Karibu na hapo, Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro hupokea ndege kubwa ambazo breki zake ni kaboni tupu iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, teknolojia iliyotumiwa katika Concorde ilipoanza safari za abiria mwaka 1976. Breki hizo hustahimili joto linalozidi nyuzijoto 1,000, lakini gharama yake haimfikii mwenye daladala. Yeye hununua pedi ya rezini, yenye kinywe ambacho asili yake haikuandikwa kwenye boksi.