Nasaba ya Pawabenki

Mtu atokaye Mchafukoge, akaikata Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo kwa Mtaa wa Uhuru, aweza kumkuta fundi wa simu akiyapasua magari ya kuchezea watoto yaliyokwisha haribika, akizitoa betri zake na kuzipima kwa mita moja baada ya moja, kisha akaziunga zile zenye uhai, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, akatia kibao cha kupandisha umeme hadi volti 5, ikawa pawabenki ya kumsitiri mtu siku za mgao wa umeme. Aghalabu husemwa kwamba maarifa haya yamezaliwa na vijana wa zama hizi. Mimi nasema yana wazee wake.

Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na redio za transista zilipowafikia watu wa kawaida, nyumba nyingi za Kariakoo zilikuwa hazina umeme. Betri zilinunuliwa dukani kwa fedha ya jasho, na haikuwa rahisi kuzitupa.

Hapo ndipo watu walipotambua jambo lenye thamani kubwa: betri iliyoshindwa na tochi haijafa. Taa ya tochi hudai umeme mwingi kwa mkupuo, ilhali redio ndogo huridhika na kidogo. Betri mpya hutoa volti 1.5, na redio ya betri 4 huhitaji volti 6. Basi zilizochoka, zikiwa zimebaki na volti 1 kila moja, zilipangwa 6 kwa mfuatano ndani ya kisanduku cha mbao au kipande cha mwanzi, waya mbili zikatolewa hadi nyuma ya redio, na taarifa ya habari ikasikika barazani. Tena zilianikwa juani, kwa kuwa joto huichangamsha kemia iliyosalia, japo halirudishi zinki iliyokwisha liwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyokusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, ilifika hata vijiji visivyojua nguzo ya umeme, kwa sababu ya betri.

Fundi wa leo amerithi hukumu ile ile, kwani injini ya gari la mtoto ni mlafi kama tochi. Ila yeye huunga sambamba, si kwa mfuatano, na betri zake za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa duniani mwaka 1991, zina hatari ambayo wazee hawakuijua: iliyovimba huweza kuwaka moto, wala haifai kuungwa kamwe.

Visanduku vile vya betri vya wazee vinaoza stooni. Mwenye nacho na akipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kabla hakijatiwa jikoni kuwa kuni.